Dola 175 Mpaka Kitini

Tuseme tangazo linasema hivi: Kisangani–Kinshasa, dola 175, bei wazi, hakuna cha kuficha. Msafiri anazikusanya dola zake 175, noti safi zisizochanika, maana katika mji huu dola yenye mpasuko mdogo tu pembeni hurudishwa kama karatasi. Analipa, anapewa tiketi, anarudi nyumbani kufunga mizigo. Siku ikifika anapanda pikipiki mpaka uwanja wa ndege wa Bangboka, kilomita 17 hivi mashariki ya mji, na huko hesabu inaanza upya. Kuna dirisha la Go Pass. Kuna kilo zilizozidi. Kuna kijana aliyebeba sanduku hatua ishirini bila kuombwa na sasa amesimama anasubiri. Msafiri anapofika kwenye kiti chake, zile dola 175 zimekuwa 200 na kitu, na hakuna aliyemdanganya waziwazi. Kila aliyepokea alikuwa na sababu yake.

Mfano huu ni wa kubuni, ila kila aliyewahi kusafiri kutoka Bangboka ataujua. Na unawahusu wengi zaidi ya wauza tiketi. Mwenye hoteli, mwenye duka la simu, mpiga chapa, mwenye boti za mtoni, wote wamejifunza kuandika maneno "bei wazi" kwenye bango, kwenye redio na kwenye picha zinazosambazwa WhatsApp. Ni maneno mazuri, na kuyaandika ni bure. Kazi iko kwenye kuifanya biashara ifanane nayo.

Tuanze na Go Pass, ada ya uwanja wa ndege inayolipwa na abiria, kwa kuwa ndiyo inayowaponza wengi. Ilianzishwa mwaka 2009. RVA, shirika la serikali linalosimamia viwanja vya ndege vya Kongo, lilieleza kwamba fedha hizo zitatumika kuvitengeneza viwanja, na ilipoanza abiria wa safari ya ndani alilipa dola 10, wa safari ya nje dola 50. Siyo siri. Mfanyabiashara anayekwenda Kinshasa kila mwezi anaitoa mfukoni bila hata kufikiri. Lakini mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani anayesafiri mara ya kwanza, au bibi aliyeitwa na mwanawe akapate matibabu, anakutana nayo dirishani.

Akirudi kulalamika, mwenye ajensi ana jibu tayari: "Mama, hiyo haiko yetu, ni ya RVA." Anasema kweli, lakini hajajibu kitu. Mama hakuuliza pesa inaingia mfuko wa nani. Aliuliza kufika Kinshasa ni bei gani, na bango lilikuwa limekwisha kumwambia kwamba jibu liko wazi.

Kwingineko kupungukiwa dola kumi ni kero ndogo. Bangboka kunaweza kumkosesha mtu ndege. Ndugu wa kumkopesha wako mjini, saa ya kupanda imekaribia, na njia nyingine ya kufika Kinshasa ni mto: zaidi ya kilomita 1,700 juu ya maji, safari ambayo kwa boti za mizigo huhesabiwa kwa wiki. Mwenye ajensi anayeacha Go Pass nje ya tangazo ili bei yake ionekane ndogo kuliko ya jirani anacheza na safari ya mtu mzima.

Kabla ya kugusa maneno ya tangazo, mwenye biashara na aifuate pesa. Amtume kijana mmoja mwenye daftari afuatane na mteja, kwa ridhaa ya mteja huyo, tangu anapouliza bei mpaka huduma inapokwisha. Kazi ya kijana ni moja tu: kila mkono wa mteja unapoingia mfukoni, aandike nani alipokea, kiasi gani, na kama risiti ilitolewa. Wengi watashangaa. Mwenye hoteli atagundua kwamba mlinzi anatoza "ya kuwasha jenereta". Mwenye duka la simu atagundua kwamba bei ya kubadilisha kioo cha simu haina gundi ndani yake, na fundi anaidai gundi baada ya simu kufunguliwa, wakati mteja hawezi tena kuondoka.

Daftari likirudi, kila kiasi kilichoandikwa kitafutiwe mahali. Kile ambacho mteja hawezi kukikwepa kiingie katika bei inayotangazwa, hata kama kinakwenda serikalini. Kile ambacho mteja anaweza kukichagua au kukiacha, kama kilo za ziada, kitajwe pembeni pamoja na kipimo chake: dola ngapi kwa kilo moja, kuanzia kilo ya ngapi. Na zile pesa ndogondogo zisizo na risiti zinazoombwa njiani, mwenye ajensi hana uwezo wa kuzifuta, lakini anaweza kumweleza mteja mapema ni malipo yapi ya halali hutolewa karatasi. Ujumbe huo mmoja una thamani kuliko tangazo zima la redio.

Mizigo inastahili kutazamwa kwa karibu. Mtu wa Kisangani haendi Kinshasa mikono mitupu. Kuna mchele wa jimbo la Tshopo, samaki waliokaushwa, mafuta ya mawese ndani ya kidumu kilichofungwa kwa mfuko juu ya mfuko, na kifurushi cha jirani aliyesikia tu kwamba fulani anasafiri. Begi lililoonekana jepesi sebuleni linapanda mizani Bangboka na sindano inakimbia. Sasa mwenye begi anafungua zipu mbele ya foleni nzima, anatoa mchele, anampa aliyemsindikiza, anapima tena, anatoa samaki. Nyuma yake watu wanaguna.

Fedheha hiyo ina dawa rahisi: mizani ndani ya ofisi ya mjini, ile ya kuning'iniza ambayo bei yake si ya kumtisha mwenye ajensi yeyote. Mteja alete begi lake siku moja kabla, lipimwe mbele yake akiiona sindano, na kilo ziandikwe nyuma ya tiketi. Ikibidi alipie kilo za ziada, atalipia akiwa ametulia, na ataamua mwenyewe kama samaki wa jirani wanastahili gharama hiyo. Mizani ya mjini na ya uwanjani zikitofautiana, mteja ana karatasi mkononi, na ajensi ina sababu ya kwenda kuuliza kwa niaba yake.

Kisha kuna suala la sarafu, ambalo katika Kongo lina mlango wake mwenyewe wa kufichia bei. Tiketi inatangazwa kwa dola, mteja ana faranga. Kiwango gani kitatumika? Tuchukue kwamba kambista wa barabarani wanabadilisha dola moja kwa faranga 2,300, na dirisha la ajensi linahesabu 2,400. Faranga 100 zinaonekana si kitu. Kwenye dola 175 ni faranga 17,500, na hakuna mahali popote kwenye bango zilipotajwa. Mchezo wa pili ni chenji: anayelipa noti ya dola 100 kwa kitu cha dola 92 anarudishiwa faranga, safari hii kwa kiwango cha chini. Duka linapata faida wakati wa kupokea na wakati wa kurudisha.

Ubao mdogo wenye kiwango cha leo, kimoja cha kupokea na kurudisha, unamaliza ubishi wote. Kiandikwe asubuhi, kikiwa na tarehe. Tena kuna tabia moja ya dirishani inayofaa kuigwa: muuzaji anapohesabu, aigeuze mashine ya kuhesabia imwelekee mteja na abonyeze namba polepole, bei, mara kiwango, jumla. Wauzaji wengi huhesabu mashine ikiwa imeelekea vifuani mwao, kisha wakatamka jumla tu. Mteja anayeiona hesabu ikifanyika mbele yake haendi kuuliza dirisha la pili.

Suala la kiwango lilijitokeza kwa nchi nzima mwishoni mwa mwaka 2025, faranga ilipopanda thamani dhidi ya dola baada ya miaka ya kuteremka. Bei zilizokuwa zikipanda kila dola ilipopanda hazikuwa na haraka ya kushuka. Watu waliuliza, na serikali nayo ikauliza. Wapo wauzaji waliokuwa na sababu ya kweli: bidhaa waliinunua kwa kiwango cha zamani. Sababu hiyo ingesikika vizuri zaidi kama kiwango cha siku kingekuwa ukutani tangu mwanzo, kikipanda na kushuka mbele ya macho ya watu.

Sheria nayo ina neno. Sheria namba 18/020 ya tarehe 9 Julai 2018 kuhusu uhuru wa bei na ushindani inampa mfanyabiashara wa Kongo haki ya kupanga bei yake, na pamoja na haki hiyo inamtaka aiweke bei hiyo hadharani. Mtu anayedhani bei wazi ni hisani anayowafanyia wateja anajipongeza kwa kutimiza wajibu. Ipo pia kodi ya ongezeko la thamani, TVA, asilimia 16, iliyoanza tarehe 1 Januari 2012 mahali pa kodi ya zamani ya mauzo. Mwanzoni kulikuwa na kelele nyingi kuhusu bei, kwa kuwa wako waliochukua bei yenye kodi ya zamani ndani yake wakaiongezea ile mpya juu. Hadi leo mteja anayekutana na maneno "bila TVA" yameandikwa kwa herufi ndogo chini ya bei kubwa ana haki ya kuhisi anachezewa. Kama mteja ni mtu wa kawaida asiyeweza kurudishiwa kodi hiyo, bei bila TVA haimsaidii kitu.

Kisa kinachofundisha kuliko vyote, hata hivyo, ni cha RAM. Septemba 2020 mamlaka ya mawasiliano ya Kongo ilianzisha daftari la simu za mkononi lililoitwa RAM, na malipo yake yakawa yanakatwa moja kwa moja kwenye salio la mtumiaji: dola 7 kwa mwaka kwa simu za 3G na 4G, dola 1 kwa zile za 2G, yakichukuliwa kwa vipande. Mtu alinunua vocha, akaingiza namba, akakuta salio halifanani na alicholipa. Serikali ilikuwa imeeleza, lakini maelezo hayo hayakuwa pale mkato ulipotokea. Hasira ilipanda mpaka bungeni, na mwanzoni mwa 2022 mkato huo ukaondolewa. Katika muda huo wote wengi waliozilaani kampuni za simu walikuwa wanalaani mkono uliokata, bila kujali pesa ilikuwa inakwenda kwa nani. Mfanyabiashara anayekusanya ada ya mwingine aikumbuke RAM. Ada ikipitia dirishani kwake, lawama itabaki dirishani kwake. Heri aitaje kwa jina na kiasi kabla mteja hajalipa.

Hapa ukweli mmoja usiopendeza inabidi usemwe. Kuficha bei kunalipa, angalau kwa muda. Kampuni ya Marekani ya StubHub, inayouza tiketi za michezo na muziki, iliamua mwaka 2014 kuonyesha bei kamili tangu mwanzo, ada zote zikiwa ndani, na ikajitangaza hivyo. Mwaka 2015 ilifanya jaribio: wateja wengine waliendelea kuona bei kamili, wengine walioneshwa ada mwishoni kabisa, wakiwa wamekwisha kuchagua kiti. Wachumi walioichambua walikuta kwamba waliooneshwa ada mwishoni walitumia pesa zaidi kwa kiasi cha asilimia 20 hivi. StubHub ikarudi kwenye kuficha. Kwa hiyo anayemshauri mfanyabiashara wa Kisangani kwamba uwazi utamletea faida kesho asubuhi anampa ahadi isiyo na msingi.

Lakini StubHub inauza kwa mamilioni ya watu wasiojuana, kupitia skrini. Ajensi ya Kisangani inauza kwa watu wanaosali kanisa moja au msikiti mmoja, wanaosomesha watoto shule moja, na ambao habari ya kukosa ndege kwa ajili ya dola kumi itakuwa imefika mitaa ya Kabondo na Mangobo kabla ya ndege yenyewe kutua Kinshasa. Mteja wake wa leo ni mteja wake wa Desemba, au ni mjomba wa mteja huyo. Hesabu ya asilimia 20 inageuka pale muuzaji anapojulikana kwa jina la mama yake.

Kuna kosa jingine linalofanywa na watu wenye nia njema: kudhani bei wazi ni bei isiyoshuka. Duka kubwa la Marekani, JCPenney, lilitangaza Januari 2012 kwamba linaachana na kuponi na punguzo za kila wiki, na kwamba kila kitu kitakuwa na bei moja ya haki. Mwaka huo mauzo yake yalianguka kwa robo, na Aprili 2013 mkuu wa kampuni akaondolewa. Wanunuzi walikuwa wamezoea kuona bei ya zamani imefutwa kwa mstari na mpya pembeni; walipenda kuhisi wamepata. Soko la Kisangani lina hisia hiyohiyo. "Unipunguzie, papa" ni sehemu ya salamu. Anayebandika "bei haipungui" kwenye kitambaa cha kuuzia sokoni atashinda akikitazama kitambaa chake.

Kupatana bei hakuharibu uwazi. Kinachouharibu ni mteja kupunguziwa dola 5 kwenye tiketi kwa tabasamu, kisha kuongezewa dola 8 za "dosie", yaani za makaratasi, asizozisikia kabla. Anayetaka kuacha nafasi ya mazungumzo na aiache, mradi kinachozungumzwa ni jumla yote. Muuzaji akishasema "sawa, 170," basi 170 iwe ndiyo pesa ya mwisho kutoka mfukoni mwa mteja kwa kitu hicho.

Nchi jirani zimeacha kutegemea nia njema peke yake. Kenya, mwaka 2016, Mamlaka ya Ushindani iliziagiza kampuni za pesa za simu na benki kumwonyesha mteja gharama ya muamala kwenye simu yake kabla hajaukubali. Awali wengi walikuwa wakiijua ada baada ya pesa kukatwa. Tanzania, EWURA hutangaza bei ya kikomo ya mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na kila kituo kinatakiwa kuweka bei zake kwenye bango linaloonekana na dereva akiwa bado barabarani. Ulaya, kanuni namba 1008 ya mwaka 2008 inayataka mashirika ya ndege yaonyeshe bei ya mwisho, kodi na ada za lazima zikiwa ndani, na nyongeza za hiari mteja azichague mwenyewe. Ni marufuku kumwekea alama tayari kisha akaachiwa kazi ya kuifuta. Kila moja ya kanuni hizi inaweza kuigwa na ajensi yenye meza mbili na kiyoyozi kibovu, bila kusubiri waziri.

Ugumu hasa uko kwa wafanyakazi. Mwenye biashara anaweza kuandika bango safi, kununua mizani, kuweka ubao wa kiwango, na yote yakavunjika kwa sababu kijana wa dirishani analipwa kidogo na anategemea "nyongeza" kuishi. Huyo hatauficha ukweli kwa ubaya. Atauficha kwa sababu ana watoto. Kama mshahara wake umepangwa kwa kutegemea kwamba atajipatia mengine kwa wateja, basi tangazo la bei wazi limekwisha kuvunjwa na aliyelilipia. Ni bora kamisheni yake ihesabiwe kwa idadi ya tiketi zilizouzwa kwa bei iliyotangazwa, na risiti yenye namba itolewe kwa kila faranga inayopokelewa. Risiti ziwe na nakala. Mwisho wa wiki mwenye biashara apige simu kwa wateja watatu au wanne waliosafiri, awaulize swali moja tu: ulilipa jumla ya kiasi gani mpaka ukakaa? Atajua mengi kuliko akikagua vitabu.

Vivyo hivyo kwa waendesha pikipiki walioko nje. Ajensi inayotangaza "tunakufikisha Bangboka" bila kupatana na dereva yeyote inatangaza bei ya mtu mwingine. Ama ipatane na madereva wachache kwa nauli inayojulikana, ya mchana na ya alfajiri na ya siku ya mvua, ama iondoe maneno hayo.

Basi tangazo lenyewe liandikweje? Fupi, na lenye tarehe. Mfano: "Kisangani–Kinshasa, dola 185 kwa jumla, Go Pass na TVA zikiwa ndani. Begi moja, kilo kama ilivyoandikwa kwenye tiketi. Kila kilo ya ziada ina bei yake, iko ukutani. Faranga tunapokea kwa kiwango cha leo kilichoko ubaoni. Bei hii ni mpaka tarehe 30." Dola 185 zitaonekana nyingi karibu na 175 za jirani. Hapo mwenye ajensi asione haya kuandika chini yake, kwa herufi zilezile: ukilinganisha, uliza kwingine kama Go Pass imo.

Ile tarehe ya mwisho ina kazi. Picha iliyotumwa WhatsApp haizeeki. Mtu anaweza kuja Novemba na bei ya Agosti kwenye simu yake, akiwa ameipata kwa binamu. Kama tangazo halina tarehe, mwenye ajensi ana njia mbili: aiheshimu bei hiyo na kubeba hasara, au abishane na mtu ambaye ana ushahidi mkononi. Kama lina tarehe, hakuna ubishi. Na shirika la ndege likipandisha bei kabla tarehe haijafika, wale waliokwisha kulipa wasiguswe, bango liondolewe siku hiyohiyo, na picha mpya itumwe kwenye makundi yaleyale ilikotumwa ya zamani, ikiwa na maneno ya kwanza kabisa: bei imebadilika.